Miksoma yangu haikurudi, ilikuwa nyingine

Kaka yangu anapasuliwa moyo Alhamisi ijayo kutolewa miksoma, uvimbe laini unaoota ndani ya moyo. Juzi usiku alinipigia, akasema mdogo wangu wewe umeshapita huko mara mbili, niambie ukweli, wanafanyaje na mimi niulize nini. Tukaongea mpaka simu yangu ikazima chaji. Nilipolala usingizi haukuja, nikaona bora niandike yote sehemu moja, kwa ajili yake na kwa ajili ya mtu mwingine yeyote ambaye ukoo wake una hii kitu, manake nimetafuta sana habari zake kwa Kiswahili na nilichokuta ni mistari miwili mitatu tu.

Tuna ugonjwa wa kurithi unaitwa kompleksi ya Carney. Ni nadra sana, wagonjwa waliowahi kuandikwa kwenye majarida ya kitabibu dunia nzima ni mamia tu. Jina limetoka kwa daktari wa patholojia, yaani anayepima vipande vya mwili maabara, J. Aidan Carney wa Mayo Clinic kule Marekani, ambaye mwaka 1985 ndo aliunganisha vitu ambavyo watu walikuwa wanaviona kimoja kimoja: uvimbe laini wa moyo na wa ngozi, madoa madoa mwilini, na tezi za homoni zinazofanya kazi kupita kiasi. Ukiingia mtandaoni angalia usichanganye na triadi ya Carney, hiyo aliielezea daktari huyohuyo mwaka 1977 ila ni ugonjwa mwingine kabisa, una uvimbe wa tumboni na wa mapafu. Mimi nililia usiku mzima kwa kusoma ule usio wangu.

Mama yangu alikuwa na madoa midomoni. Ya rangi ya kahawia iliyokolea, mengine karibu meusi, madogo kama mtu amechovya ncha ya kalamu kwenye wino akamgusagusa kwenye mstari pale mdomo unapokutana na ngozi. Alikuwa nayo kwenye kope pia, na moja ndani kabisa ya kona ya jicho, kule kwenye weupe. Mimi ninayo, kaka anayo, na sisi tuliyaita alama ya ukoo na tukayapenda kwasababu ni ya mama. Alikufa nikiwa na miaka 15, alisimama kutoka kwenye kiti akaanguka, akawa ameondoka. Wakatuambia ni presha. Hakuna aliyempima moyo kabla wala baada, kwahiyo siwezi kukwambia kilichomuua, ila tangu nijue ninachojua nikifumba macho naona ile kona ya jicho lake.

Kwangu ilianza nikiwa na miaka 27. Nikiinama kufunga viatu pumzi inakata, nikijilaza ubavu wa kushoto naamka kama mtu anazama. Homa za jioni zisizo na sababu, nimepungua kilo, viungo vinauma. Nilitibiwa pumu, nikatibiwa homa, nikapewa vidonge vya wasiwasi. Afu asubuhi moja nikiwa nimeshika kikombe mkono wa kushoto ukalegea kikombe kikaanguka, nataka kumwita mume wangu maneno yanatoka yamevurugika, ikachukua kama dakika 20 ikaisha nikawa mzima. Sasa hiyo ndo ilinipeleka kwenye eko ya moyo, yaani ultrasaundi ya moyo. Fundi aliponiwekea kile kifaa kifuani alinyamaza, akaita daktari, wakageuza skrini nione: chumba cha juu kushoto kuna kitu cha mviringo, sentimita 5, kinaning'inia kwa kikonyo, na kila pigo la moyo kinazama kwenye valvu ya mitrali, ule mlango wa kushukia chumba cha chini kushoto, kama kizibo kinataka kuingia kwenye chupa, afu kinarudi. Niliangalia mara tatu nne hivi nikageuza uso ukutani.

Kile kinaitwa miksoma. Sio kansa, hausambai kama kansa, na watu wengi wakisikia hivyo wanashusha pumzi. Msishushe. Ni laini, ni kama jeli inayotetemeka, na inameguka. Kipande kikikatika upande wa kushoto wa moyo kinakwenda na damu popote, kwenye ubongo kikaleta kiharusi, kwenye mguu, kwenye figo. Kile kikombe changu kilianguka kwasababu ya kipande kidogo tu. Na uvimbe mzima ukiziba valvu mtu anazimia au anakufa palepale amesimama. Dawa za kuzuia damu kuganda haziuondoi, hamna kidonge cha kuuyeyusha, hamna kusubiri miezi sita tuone. Ukionekana unatolewa. Mimi nilionwa Jumatatu nikapasuliwa Jumatano.

Naomba hapa niseme kitu kidogo kwa wazazi ambao watoto wao wameambiwa wana uvimbe wa moyo, kwasababu nimeona watu wanachanganya. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi, tuberasi sklerosisi, ambao watoto wanazaliwa na uvimbe wa moyo unaoitwa rabdomioma, na ule mara nyingi unasinyaa wenyewe mtoto akikua, madaktari wanaangalia tu na hawapasui mpaka uzibe njia ya damu au uvuruge mapigo. Kwahiyo usimsikie mtu akisema uvimbe wa moyo ni kupasua tu, wala usimsikie anayesema wa mwanangu uliisha wenyewe. Uliza jina lake kwanza. Miksoma haisinyai.

Basi nikapasuliwa. Nilikuwa sijui chochote, ilikuwa ni kusaini na kulala. Nilipoamka nina mirija kifuani na koo linauma, daktari wa upasuaji akaja na uso wa furaha, akaniambia mama tumeitoa yote na mzizi wake, hii kitu hairudi, nenda kaishi maisha yako. Na mimi nikaenda. Nilirudi kwa ajili ya kidonda, nikarudi baada ya miezi mitatu, wakafunga faili.

Sasa hili nataka lieleweke vizuri kwasababu nimekuwa na hasira nalo miaka mingi. Yule daktari hakunidanganya. Kwa miksoma ya kawaida, ambayo inampata mtu bila kurithi, mara nyingi mwanamke wa umri wa kati, iko moja, iko chumba cha juu kushoto, ukiitoa vizuri inarudi kwa watu kama 1 mpaka 3 katika 100. Alikuwa anasema kile anachokiona kila siku. Shida ni kwamba alikuwa na mgonjwa wa miaka 27, mwenye midomo yenye madoa, ambaye mama yake alikufa ghafla, ambaye utotoni alitolewa kauvimbe kwenye kope kakaota tena, na yote hayo yapo kwenye karatasi nilizojaza mwenyewe usiku wa kuamkia oparesheni. Hakuna aliyeyasoma kwa pamoja. Kifua changu walikijua vizuri sana lakini uso wangu hawakuuangalia. Kwa watu wa ugonjwa wetu miksoma kutokea tena ni jambo la kutegemea, kuna ripoti zimefika mpaka 44 kwa 100, na mimi niliachiwa niende zangu bila eko hata moja kwa miaka mitano.

Mwaka wa tano miguu ikaanza kuvimba. Tumbo likajaa. Nikafika hospitali nyingine, kwa daktari wa moyo, dada mmoja mpole anaongea taratibu. Aliangalia eko yangu muda mrefu, afu akazima taa ya skrini akawasha ya chumba, akasogeza kiti, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. Akauliza, haya madoa mama yako anayo? Nikamwambia alikuwa nayo, ameshafariki. Akaniuliza alifarikije. Nilivyomaliza kumweleza alikuwa ameshaandika jina la ugonjwa kwenye karatasi na kunisogezea.

Safari hii kulikuwa na uvimbe chumba cha chini kulia na mwingine chumba cha juu kulia. Swali langu la kwanza lilikuwa kwa hasira: kwahiyo yule hakutoa mzizi? Na jibu alilonipa ndo kitu kikubwa nilichojifunza kwenye maisha yangu ya ugonjwa, na ndo nilichomwambia kaka juzi mpaka chaji ikaisha. Akasema, mzizi alitoa. Ile haikurudi. Hizi ni nyingine.

Ugonjwa wetu mara nyingi unatokana na hitilafu kwenye jeni inaitwa PRKAR1A, iko kwenye kromosomu namba 17, iligunduliwa kuwa ndo yenyewe mwaka 2000. Kazi ya jeni hiyo ni kutengeneza protini ambayo ni kama breki, inazuia kimeng'enya fulani kisichochee seli zikue na zitoe homoni bila mpangilio. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Sisi tumezaliwa moja imeharibika, katika kila seli ya mwili. Ikitokea kwenye seli moja ile nakala nzima nayo ikaharibika, pale breki imekatika, uvimbe unaanza. Kwahiyo daktari anaweza kukata miksoma na mzizi na kipande cha ukuta akaacha pasafi kabisa, na bado seli nyingine upande wa pili wa moyo ikaanzisha ya kwake mwaka unaofuata. Kukata zaidi pale ilipokuwa hakuzuii inayokuja kwingine. Nilipoelewa hivyo ile hasira ikahama, ikatoka kwenye mkono uliokata ikaenda kwenye faili lililofungwa.

Sasa oparesheni yenyewe, kwa ajili ya kaka. Nimeielewa kwa yule daktari wa pili wa upasuaji, mzee mmoja aliyenichorea moyo nyuma ya fomu ya damu, vyumba vinne, akaweka x kwenye kila kimoja na kusema hapa nitaingia, hapa nitachungulia, hapa pia.

Unalazwa usingizi, wanakuwekea eko ya kupitia kooni ambayo inakaa humo muda wote. Wanakata mfupa wa kidari katikati na msumeno. Wanakupa dawa ya kuzuia damu isigande, wanaweka mirija: mmoja kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo, mingine kwenye mishipa miwili mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo, na damu inaanza kupita kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Hapa kuna kitu nilikipenda alivyonieleza, alisema mpaka aota ibanwe sitaugusa moyo wako, wala sitauinua, wala sitaubonyeza kuona uvimbe uko wapi. Manake ukiuchezea ukiwa bado unadunda, ile jeli inameguka na kipande kinaondoka na pigo linalofuata. Wakishabana aota wanaingiza dawa baridi yenye potasiamu, moyo unasimama, unakuwa mtulivu na mlegevu, ndo wanafungua.

Anafungua chumba cha juu kulia, anapita kwenye ukuta unaotenganisha kulia na kushoto, anaona vyote viwili vya juu. Uvimbe haushikwi kwa kukamatwa, unatolewa mzima pamoja na kikonyo na pale kilipojishikiza, hata kama ni kukata unene wote wa ukuta, afu shimo linazibwa na kiraka, mara nyingi kutoka kwenye utando wa mgonjwa mwenyewe unaofunika moyo. Vyumba vya chini anavifikia kwa kupitia valvu, anazisogeza anaangalia kila kona, kwasababu miksoma ndogo inaweza kujificha kwenye misuli na nyuzi za huko chini. Afu wanaosha kwa maji mengi ya chumvi, wanahakikisha hamna kipande kilichobaki wala hewa, wanajaribu valvu kama zinafunga, wanashona, wanaachia aota na moyo unaanza tena. Eko ya kooni inaangalia kila kitu kabla kifua hakijafungwa.

Kwangu mimi eko ilikuwa imeona mbili. Yeye akakuta ya tatu, chumba cha juu kushoto, mbali na lile kovu la zamani, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kama angeenda kulia tu kutoa zile mbili akafunga, hiyo ingebaki inakua. Ndo maana nasema kwa mgonjwa wa Carney kuchungulia vyumba vyote vinne sio ziada, ni nusu ya oparesheni.

Oparesheni ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, nisifiche. Baada ya kupasuliwa mara moja makovu yanaushikiza moyo na mfupa wa kidari, chumba cha chini kulia kinaweza kuwa kimelala kabisa nyuma ya mfupa, msumeno ukishuka bila tahadhari unakipasua. Kwahiyo nilipigwa siti skani kwanza kupima nafasi iliyopo, na kabla hawajagusa kidari walishaandaa mirija kwenye mishipa ya paja ili lolote likitokea mashine ipokee palepale. Muda mwingi sana ulienda kwenye kubandua tu, milimita kwa milimita. Nilikuwa ndani kwa masaa tisa. Mume wangu anasema saa ya sita aliacha kuuliza akawa anaangalia mlango tu.

Na mapigo yalivurugika baadaye, yanakimbia yanasimama. Kila mkato kwenye vyumba vya juu unaacha kovu, na umeme wa moyo unapita hapohapo, kwahiyo wanaopasuliwa mara nyingi wengine wanaishia kuwekewa kifaa cha kurekebisha mapigo. Mimi nilimeza dawa miezi kadhaa ikatulia. Kuna wagonjwa wachache ambao miksoma zilijirudia mpaka wakapandikizwa moyo mwingine. Hilo niliuliza na nilijibiwa wazi, na nashukuru nilijibiwa.

Ndo maana kuna madaktari wanaojaribu kutoa kwa tundu dogo ubavuni kulia bila kupasua kidari, hasa kwa mtu ambaye wanajua atarudi tena mezani. Inasaidia, makovu yanakuwa machache. Ila iwe kwa mtu aliyezoea, na isiwe sababu ya kuona chumba kimoja tu. Kaka alipewa chaguo hilo, akaniuliza, nikamwambia muulize daktari kwa njia hiyo ataweza kuangalia chini pande zote mbili? Jibu lake ndo litakuamulia.

Nifikirie tu kwamba mwaka 1954, Clarence Crafoord kule Stockholm ndo alikuwa wa kwanza duniani kufanikiwa kutoa miksoma ya moyo kwa kutumia mashine ya moyo na mapafu. Kabla ya hapo watu karibu wote walikuwa wanagundulika na hii kitu wakishakuwa maiti. Bibi yangu mzaa mama, kama naye alikuwa nayo, hakuwa na njia yoyote.

Kaka sasa. Yeye ugonjwa ulimshika kwa njia nyingine kwanza, tezi zilizo juu ya figo, zinaitwa za adreno. Uso ulijaa ukawa wa mviringo, tumbo mbele mikono na miguu myembamba, ngozi laini ukimgusa inafanya alama ya bluu, presha juu, sukari juu, na yeye ni kijana. Kotisoli, homoni ya tezi hizo, ilikuwa nyingi kupita kiasi kwasababu tezi zenyewe zilikuwa na vinundu vidogo vyeusi vinavyotoa homoni bila kuamrishwa. Zikatolewa zote mbili, na sasa anameza haidrokotisoni, dawa ya kuziba nafasi ya kotisoli, kila siku ya Mungu mpaka mwisho. Hili linahusu moyo moja kwa moja, usipite haraka: mtu asiye na tezi hizo mwili wake hauwezi kujiongezea kotisoli wakati wa msukosuko, na kupasuliwa moyo ni msukosuko mkubwa sana. Asipoongezewa kwa sindano kabla na wakati wa oparesheni na siku za mwanzo, presha inaporomoka na watu watahangaika kutafuta sababu kwenye moyo wakati sababu ni dozi. Na mgonjwa ambaye bado ana tezi zake na kotisoli iko juu, kidonda chake hakifungi vizuri na wadudu wanaingia kirahisi, sukari yake inatakiwa kutulizwa, kwahiyo mtu wa homoni na mtu wa moyo lazima waongee kabla, sio baada. Nimemwambia kaka aandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa HANA TEZI ZA ADRENO, aibandike mbele ya faili, na amwambie mtu wa usingizi kwa mdomo wake hata kama ameshawaambia madaktari wengine watatu.

Alipotolewa tezi walimpima jeni, wakakuta, wakamwambia eko kila mwaka. Akaenda ya kwanza, safi. Ya pili hakwenda. Ya tatu hakwenda. Nilimsema sana, akawa ananijibu moyo wangu mzima, ninapanda ngazi sihemi. Nilivyomtumia majibu ya binti yangu, kwamba naye amerithi, ndo alinyamaza kwenye simu, na wiki iliyofuata akaenda. Sentimita 2 na nusu, chumba cha juu kushoto, na hajisikii chochote kabisa. Mwaka ule wa kwanza haikuwepo. Eko moja safi inakuambia kuhusu siku hiyo tu.

Kwetu utaratibu ni huu: eko kila mwaka kwa mwenye ugonjwa, kuanzia utotoni kabisa, ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto, na kila miezi sita kwa yule ambaye ameshatolewa miksoma. Miezi sita maisha yote. Pamoja na hapo kuna vipimo vya kotisoli, vya homoni ya ukuaji, ultrasaundi ya tezi ya shingo, na wanaume ultrasaundi ya korodani, ila leo naongelea moyo. Kipimo cha jeni kinasaidia sana kwenye ukoo ambao hitilafu yake imeshajulikana, kwasababu uwezekano wa mtoto kurithi ni nusu kwa nusu, na yule ambaye hakurithi anaachiwa kabisa, hana haja ya eko. Mtoto wangu mkubwa wa kiume aliachiwa. Na kuna watu kama 3 katika 10 ambao hawakurithi kwa mzazi yeyote, hitilafu imeanza kwao, kwahiyo kukosa ndugu mgonjwa hakumtoi mtu kwenye hesabu. Wala kutoonekana kwa hitilafu kwenye jeni hakufuti ugonjwa kama dalili zipo, wapo ambao haionekani, na hao ndugu zao wote wa karibu waangaliwe kwa eko.

Kaka, maswali yako uliyoniomba ni haya na usiogope kumuuliza daktari yeyote, mkubwa au mdogo. Muulize kama anajua kwamba huna miksoma ya kawaida bali una Carney. Muulize kama ataangalia vyumba vyote vinne na kama eko ya kooni itakuwepo mwanzo na mwisho. Muulize nani anashika dozi yako ya haidrokotisoni siku hiyo, jina lake. Muulize uvimbe utapelekwa patholojia na ripoti utapewa mkononi, nakala yako. Na kabla hujatoka wodini uwe na tarehe ya eko ya miezi sita imeandikwa, kwa kalamu, sio tutakupigia.

Juzi nimempeleka binti yangu kwa eko yake. Ana miaka 6. Anajua kulala ubavu wa kushoto mwenyewe na anamwambia fundi jeli yako baridi. Mimi nakaa pembeni ya kitanda nikihesabu vyumba kwenye skrini, juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, na fundi ameshanizoea, akimaliza kimoja ananitikisia kichwa. Vyote vinne vilikuwa safi.

Jioni nikafua ule mto wangu mdogo, ule wa kukumbatia kifuani ukitaka kukohoa baada ya kupasuliwa kidari, manake bila mto kikohozi kimoja unaona kifua kinafunguka upya. Una madoa ya dawa ya kidonda yasiyotoka na kona moja nimeishona mara mbili. Umekauka. Nampelekea kaka Jumatano jioni, kabla hawajamzuia kula.